Ryzen 5 5600X kwenye joto la Dar, hivi ndo nilivyoiovakloku (kuipandisha kasi kuliko ya kiwandani)

Mi narenda video za harusi (kompyuta inatengeneza video ya mwisho baada ya kuediti), chumba hakina AC, mchana wa Februari humu ndani ni nyuzi 32 na feni imewashwa. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600X, ile ya 2020 yenye koa 6 (cores, yaani vichwa vya kufanyia kazi), na kula (cooler, kipoozaji) inayokuja nayo kwenye boksi kwa joto letu haitoshi jamani, nikipiga Cinebench, programu ya kuipima prosesa kwa mzigo mzito, dakika 10 inagonga nyuzi 90 na kelele juu.

Kwenye madabodi (motherboard, bodi kuu inayobeba prosesa) niliingizwa mjini. Duka moja Kariakoo walinipa bodi ya aina ya A320 wakasema inaovakloku bila shida, si kweli, A320 imefungwa, nikairudisha nikaongeza hela nikachukua B450 yenye vyuma vya kupoza pembeni ya soketi. Ukinunua B450 ya zamani mwambie muuzaji akuapdetie bayosi (BIOS, programu ya ndani ya bodi) kabla hujaondoka, bila hivyo 5600X haiwaki kabisa. Kula nikaweka Hyper 212 ya Cooler Master, pima kasha lako kwanza maana inasimama karibu sentimita 16.

Sasa setingi. Mwanzo nililazimisha 4.6 GHz koa zote na volti 1.3, joto likarudi kulekule na kazi ndogondogo hazikuongezeka kasi hata kidogo, maana koa mojamoja tayari inafika 4.6 yenyewe. Nikafuta yote nikawasha PBO, setingi ya AMD inayoiacha prosesa ipande kasi yenyewe, na Curve Optimizer hasi 30, hii ya pili inapunguza volti kwa kila koa halafu prosesa inatumia hiyo nafasi kupanda yenyewe. Hapa ndo penye raha, ila msikurupuke! Cinebench ilipita vizuri kabisa, usiku nimeiacha imekaa tu inapiga muziki, pap, ikajirestati. Kumbe hasi ikizidi inaanguka ikiwa imetulia, sio ikiwa na mzigo. Nikaacha programu ya CoreCycler usiku kucha ijaribu koa mojamoja, mbili zikagoma, hizo nimeziweka hasi 12 na zilizobaki hasi 20, miezi minne sasa haijazima hata mara moja na kwenye kurenda haivuki 76.

Na ramu washeni XMP, setingi ya bayosi inayoipa ramu kasi iliyoandikwa kwenye boksi, zangu za kasi ya 3200 zilikuwa zinatembea 2133 tangu siku ya kwanza mi sina habari, iliniuma sana.