Matembezi Mepesi Dodoma: Bustani Mbili, Korongo Moja na Bwawa la Hombolo

Mwezi wa Juni daktari alimwagiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 68 na goti la kulia linalomsumbua, atembee nusu saa kila siku mahali pasipo na mwinuko. Kazi ya kupatafuta mahali hapo nilipewa mimi, na kwa wiki saba tulijaribu njia nne, nyingine mara moja tu na nyingine karibu kila Jumamosi. Kipimo nilichotumia katika tathmini hii ni kimoja: je, mama alikwenda na kurudi bila kuniambia "mwanangu, tupumzike" mahali pasipo na pa kukaa?

Tulianza na Nyerere Square, katikati ya mji, kwa sababu kila mtu alituelekeza huko. Ni uwanja tambarare uliosakafiwa, una viti, una miti, na sanamu ya Mwalimu inatosha kuwa alama ya kuhesabia mizunguko. Kwa goti bovu hakuna pa kulalamikia. Hata hivyo, eneo lenyewe ni dogo, na kuanzia saa mbili asubuhi viti vingi vinakuwa vimekwisha kukaliwa na watu wanaosubiri ofisi zifunguliwe, kwa hiyo mtembeaji hujiona kama mtu anayezungukazunguka mbele ya hadhara. Mama alizunguka mara sita, akasema inatosha, nami nikakubaliana naye.

Bustani ya Chinangali ni pana zaidi na ina vivuli vizuri. Siku za kazi, asubuhi, palikuwa na utulivu tuliouhitaji. Jumapili jioni hali ilikuwa nyingine kabisa: watoto walikuwa wamejaa kwenye michezo, muziki ulikuwa juu, na kila baada ya hatua kumi tulilazimika kusimama ili baiskeli ndogo ipite. Sisemi ni vibaya, maana bustani ya mji imewekwa kwa ajili hiyo, lakini anayefuata agizo la daktari aende siku ya kazi.

Njia iliyotushinda kuiacha haina geti wala kibao. Ni korongo la mchanga lililo mashariki ya mji, ukishaiacha barabara kuu iendayo Morogoro. Msomaji wa mikoa yenye mito isiyokauka anapaswa kuelewa kwamba huku kwetu kutembea kando ya mto mara nyingi maana yake ni kutembea ndani ya mto. Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 550 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki makorongo huwa makavu juu, na mchanga wake unakuwa barabara ya watu, mbuzi na punda. Hata jina la mji, kwa simulizi inayojulikana zaidi, limetoka kwenye kijito: tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, na Wagogo walioliona jambo hilo wakasema "idodomya", yaani pamezama. Mama, aliyezaliwa Mpwapwa na anayesema Kigogo, hunisimulia habari hiyo kila tunaposhuka ukingoni, kana kwamba tembo mwenyewe alizama wiki iliyopita.

Katikati ya korongo mchanga ni mwingi na unalegea chini ya nyayo, na mtu mwenye goti bovu atachoka kabla ya kumaliza mita mia mbili. Ukweli huo tuliujua siku ya kwanza, kwa gharama ya mapumziko matatu juu ya mizizi ya mti. Kilichotufaa ni ukanda mwembamba ulio chini ya ukingo, ambao kwato za mbuzi zimeushindilia mpaka ukawa imara, lakini bado una ulaini ambao saruji ya mjini haina. Hapo mama alitembea dakika arobaini mfululizo bila kunishika mkono. Ukingoni kuna migunga na mibuyu, lakini mibuyu wakati wa kiangazi haina majani, kwa hiyo asiuhesabie mtu ukubwa wake kuwa kivuli. Kivuli cha kweli kipo kwenye miarobaini iliyo karibu na nyumba, mwanzoni na mwishoni mwa njia.

Mahali fulani tulimkuta mwanamke amechimba shimo kwenye mchanga, kina chake kikimfikia kiunoni, amepiga magoti ndani yake na ndoo ya lita 20 iko pembeni. Alikuwa akiteka kwa kata, akisubiri maji yajikusanye tena, kisha akiteka nyingine, bila haraka yoyote. Maji yalikuwa maangavu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mchanga huyahifadhi yasikaushwe na jua na huyachuja kiasi. Mama alimsalimu "mbukwenyi", wakaanza mazungumzo ambayo yaliifanya nusu saa ya daktari iwe saa nzima. Naomba watembeaji wengine wazunguke mbali na mashimo ya aina hiyo na wasikanyage kingo zake, maana zikimomonyoka kazi ya asubuhi nzima hupotea.

Kasoro za njia hii nazitaja bila kuficha. Hakuna kiti hata kimoja, hakuna choo, na mbigili zimetapakaa kiasi kwamba anayevaa kandambili atajuta kabla hajafika mbali. Raba yenye soli nene ndiyo kiatu chake, na hata hiyo mwiba wa mgunga unaweza kuipenya. Takataka za plastiki zipo, hasa karibu na makazi. Zaidi ya yote, mvua zikishaanza njia hii si ya kupita kabisa, hata kama juu yako anga ni jeupe, kwa kuwa maji hutoka mvua iliponyesha mbali na kufika kwa ghafla. Asiyeamini akumbuke mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ambapo maji ya mito ya Kinyasungwe na Mkondoa yaliiharibu reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa.

Muda wa kutoka ni jambo ambalo siwezi kulisisitiza kupita kiasi. Asubuhi za Juni na Julai baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na sweta inahitajika. Ifikapo saa tatu jua limekwisha kuwa kali, na kuanzia Agosti upepo huinua vumbi mchana. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa yetu. Kwa sababu hiyo bado nina kinyongo na kijana mmoja aliyejitangaza kuwa mwongozaji wa matembezi, ambaye simtaji jina. Tulimlipa usiku uliotangulia ili atupeleke kwenye njia nyingine alfajiri, akafika saa mbili na nusu, akatutembeza kwenye kiwanja kitupu kisicho na mti, na maji ya kunywa aliyoahidi kuwa yamo ndani ya malipo yakawa chupa moja ndogo ya watu watatu. Tangu siku hiyo tunajiongoza wenyewe.

Bwawa la Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji, ni safari ya siku nzima na si matembezi ya kila wiki. Lilijengwa miaka ya 1950 juu ya Kinyasungwe Ndogo, na maji yanayolipita huendelea hadi mto Wami na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani, jambo lililomshangaza mama kuliko bwawa lenyewe. Mahali ambapo wavuvi hupita kijia ni tambarare, ndege wa majini ni wengi, na njiani kuna mashamba ya zabibu, zao ambalo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tope linaloletwa na mvua limekuwa likilijaza bwawa polepole, ndiyo maana sehemu nyingine ukingo ni tope lililokauka na kupasuka, na hapo mguu huteleza kwenye nyufa. Maji yake yana chumvichumvi, na kwa hofu ya kichocho sikumruhusu mama aingize miguu, ingawa alikwisha kuvua viatu. Kurudi hatukurudi mikono mitupu: tulinunua perege wanne, na mvuvi alimwongezea mama wa tano alipomsikia akimsalimu kwa lugha yake.

Wakati mwingine huwaza kwamba Mpango Mkuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, uliitaka Dodoma iwe mji wa watembea kwa miguu na mabasi, si wa magari binafsi. Kama sehemu ya wazo hilo ingelifika kwenye makorongo, kwa miti michache na viti vitano tu, nisingekuwa na sababu ya kuandika haya yote. Kwa mgeni anayekuja kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024, na mwenye asubuhi moja tu, ningemshauri Chinangali siku ya kazi. Aliye na wiki nzima na viatu vizuri aende korongoni. Sisi Jumamosi hii tunarudi huko, na mama amekwisha kuamua kwamba kigoda cha jikoni nitakibeba mimi.