Nililipa wanithibitishie nishani, wakaipitishia tupa

Watu wanaisifu sana hii huduma ya kuthibitisha nishani za zamani za Kijerumani. Eti ni ya uhakika, eti karatasi yao ukiipeleka mnadani hakuna anayebisha. Sawa. Ngoja na mimi niseme yangu, maana hasira bado ninayo na sioni kwa nini nikae nayo peke yangu. Jina lao silitaji. Waliozoea kukusanya vitu hivi huku Ujerumani wanawajua watu wa aina hii: duka jembamba, mzee mmoja nyuma ya kaunta, ukutani vyeti vyake mwenyewe kuanzia juu mpaka chini.

Kitu chenyewe ni nishani ya makoloni, Kolonial-Denkmünze, ile aliyoianzisha Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1912 kuwapa waliopigana vita vyao vya Afrika na kwingineko. Nishani tupu si adimu. Kinachoipandisha bei ni kibao chembamba kinachovishwa juu ya utepe, chenye jina la vita ambavyo mwenyewe alishiriki. Changu kimeandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07. Mtu wa Songea humfafanulii miaka hiyo. Ni Maji Maji.

Wapo wanaoniuliza naihifadhi ya nini takataka ya mkoloni. Jibu langu ni fupi. Kwetu kila Februari 27 tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Makumbusho ipo, sanamu zipo, mikuki ipo. Nimekua nikiona walichopoteza walionyongwa. Walichopewa wanyongaji sikuwahi kukiona, nikataka kukishika mkononi. Nikakikuta kwenye soko la mitumba la Jumapili, ndani ya kopo la vifungo, na mama aliyekuwa anauza hakuwa na habari nacho.

Nikawatumia hao wataalamu. Ada nikalipa kabla, fomu nikajaza, picha nikapiga pande zote mbili na ukingoni, ndivyo nilivyofundishwa na kaka mmoja wa Tanga aliyenitangulia kwenye ugonjwa huu wa kukusanya. Nikangoja sana. Mwisho ikarudi kwa posta na karatasi yenye muhuri mzuri: si halisi. Basi. Hakuna sababu wala maelezo.

Hilo ningelimeza. Feki zimejaa kwenye biashara hii na anayeogopa kuambiwa "umepigwa" asikusanye. Lakini nilipoiweka chini ya taa nikaona kitu ambacho hakikuwepo. Upande wa kushoto wa kibao, chini kidogo ya herufi D, kuna mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele, mpya kabisa, kingo zake bado zinakwaruza ukipitisha ukucha. Mwingine uko kwenye ukingo wa nishani yenyewe, upande wa chini. Rangi ile ya kahawia nzito, ambayo shaba huipata kwa kukaa miaka mia na zaidi, imeng'olewa. Mtu kapitisha tupa! Hata sonara wa Kariakoo akitaka kukwangua mkufu wako anakuuliza kwanza, mama, nijaribu kidogo hapa nyuma?

Nikapanda treni nikaenda mwenyewe.

Mbele yangu alikuwepo kijana wa pale pale, kaja na Msalaba wa Chuma, nishani ya ushujaa ya Kijerumani, wa mwaka 1914 wa babu wa babu yake. Na hapa nitasema ukweli ingawa unaniudhi: yule mzee kazi anaijua. Alivaa glavu. Akaulaza msalaba juu ya kitambaa, akasogeza sumaku, ikakamata, kwa sababu ya halisi kwa kawaida ina kiini cha chuma kilichofungwa katikati ya fremu mbili za fedha. Akachukua lenzi akamwonyesha kijana ule mshono wa pembeni, fremu zilipounganishwa kwa kuchomelewa. Akamwambia kanyaboya nyingi humwagwa kwenye kalibu kipande kizima, kwa hiyo huo mshono ama haupo ama umechorwa tu. Akamsomea alama ndogo ya mtengenezaji kwenye pete. Yote kwa upole, "bwana mdogo" huku "bwana mdogo" kule. Ilitolewa misalaba kama milioni 5 ya daraja la pili kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, si kitu cha kutoa machozi, lakini kijana alitoka pale kama kapewa yeye hiyo nishani. Nikajisemea moyoni, huenda nimemhukumu mapema.

Zamu yangu ikafika, glavu zikavuliwa.

Akaishika nishani kwa vidole vitupu. Nikamwonyesha mkwaruzo, nikamuuliza nani kafanya hivi. "Ilikuja hivyo." Nikatoa simu nikamwonyesha picha. Akaitazama, akasema ikibidi huwa wanajaribu metali. Majibu mawili yasiyopatana, na bado hatujamaliza hata dakika tatu! Nikamuuliza kwenye fomu nimetia saini wapi ruhusa ya kuijaribu kwa tupa. Hakujibu. Yeye ndiye akaanza kuuliza: umeipata wapi? Sokoni. Risiti unayo? Soko la mitumba lina risiti? Akauliza tena nimeipata wapi, safari hii taratibu, kwa sauti ya juu, kama vile Kijerumani changu ndicho kilichokwaruzwa. Yule kijana wa Msalaba hakuulizwa hata mara moja.

Halafu akalegea, akatabasamu, akaniuliza kama babu yangu alikuwa askari, yaani Mwafrika katika jeshi lao la kikoloni. "Askari wetu walikuwa waaminifu sana," akasema.

Nikamwambia watu wa bibi yangu walikuwa upande wa pili wa bunduki. Akacheka. "Ah, ule uasi mdogo."

Mdogo! Makadirio ya wanahistoria yanafika watu 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala makusudi. Rais wao mwenyewe, Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akasimama pale pale akaomba msamaha. Habari hazijafika dukani, naona.

Na hao askari waaminifu, hadithi yao inajulikana. Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali mwaka 1964 kuwalipa malimbikizo ya mishahara yao ya jeshi, husimuliwa kwamba wazee walikuja Mwanza bila karatasi yoyote, basi mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Wakafanya. Wakalipwa. Tena askari Waafrika walikuwa na nishani yao, ile yenye maneno Krieger Verdienst, yaani sifa ya mpiganaji. Mtaalamu anayeniona mimi mweusi mbele ya nishani hii akakimbilia kwa babu askari, ama amesahau somo lake ama hakunitazama zaidi ya ngozi.

Turudi kwenye karatasi, maana hasira inanipeleka mbali. Nikamwambia anieleze kwa nini si halisi. Akawasha ile tochi ya zambarau, kama ya kukagulia noti, akaimulika kwenye utepe. Utepe ukang'aa weupe wa buluu. "Unaona? Nyuzi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, za zamani haziwaki hivi." Naona. Lakini utepe ni kitambaa, huoza na hubadilishwa, na hata pamba ya zamani kweli ikifuliwa na sabuni ya unga ya siku hizi itang'aa vile vile. Utepe kuwa mpya hakusemi lolote juu ya kilichoning'inia chini yake.

Sasa hapa ndipo panaponiuma, na nimefikiria kama niandike au niache. Ile mikwaruzo yake miwili haisemi kitu kimoja. Ule wa ukingoni umetoa wekundu wa manjano, shaba safi, unavyotakiwa. Ule wa kwenye kibao umetoa weupe, metali rahisi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Vibao vya zamani nilivyowahi kushika, rangi ikichubuka unaona manjano. Kwa hiyo kibao ni kanyaboya, mzee yuko sahihi, hongera zake. Ni mchezo wa siku nyingi: mjanja anachukua nishani ya kweli ya bei ya kawaida, anaivisha kibao cha uongo chenye jina la vita linalouzika, bei inapanda mara kadhaa. Lakini nishani yenyewe ni nzima! Herufi zake ni kali, mistari yake midogo inahesabika chini ya lenzi, na shaba yake kaifichua yeye mwenyewe kwa tupa. Kuandika "si halisi" kwa vyote ni uvivu. Nikamwomba aandike upya: nishani halisi, kibao bandia, utepe wa baadaye. Akasema ukitaka maelezo marefu kuna ada nyingine.

Nyuma yake kuna kabati la kioo la vitu vya enzi ya Hitler, kila msalaba wa Kinazi kabandikiwa kistika, kwa sababu sheria inabana kuuonyesha hadharani. Uangalifu anao basi, akitaka.

Kama una Msalaba wa Chuma wa babu, nenda, utahudumiwa vizuri. Nilitaka kumpa nyota mbili kwa ajili ya ule utaalamu. Halafu nikikumbuka "uasi mdogo" naona hata moja ni nyingi. Ukienda na kitu cha makoloni, andika kwenye fomu kwa Kijerumani kikubwa kwamba hairuhusiwi kukwangua, na ubaki na nakala.

Nyota moja inayoonekana hapo juu ni ya binti wa mapokezi. Nilipokuwa natoka alinifuata mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba vifurushi huvifungua yeye na kila kitu hukipiga picha siku kinapoingia. Akanipa mkononi picha ya nishani yangu, iliyochapwa, haina hata mkwaruzo mmoja. Nimeiambatanisha kwenye barua ya kudai ada yangu. Nyota hiyo isihesabiwe kwa yule bwana.