Mashine ya kukaangia kahawa nyumbani: sikiliza punje kabla ya kusoma skrini

Mashine ninayotumia ni ya umeme, ya pipa linalozunguka, koili yake ni ya wati 1,500, na boksi linadai inabeba gramu 500 za kahawa mbichi. Kubeba inabeba, kukaanga vizuri ndiyo haiwezi. Ukiijaza kiasi hicho koili inazidiwa, kahawa inapitisha dakika 16 bila kupasuka, na kikombe kinatoka kimepooza: hakina uchachu wala utamu, kina ladha ya mkate mkavu. Gramu 300 ndicho kipimo chake. Ukishuka chini ya gramu 200 unakutana na tatizo jingine, kwani punje hazitoshi kukifunika kihisi joto, na skrini inakusomea hewa badala ya kahawa.

Hilo la skrini ndilo linalowapoteza wengi wanaoanza. Namba unayoiona ni joto la pale kihisi kilipo tu. Kwa kawaida mpasuko wa kwanza, yaani mlio wa punje zinapoanza kupasuka kwa joto, husemwa uko karibu na nyuzi 196 za Selsiasi. Kwenye mashine hii unasikika skrini ikiwa bado iko 188, kwa sababu kihisi chake ni kinene na kinachelewa kupata joto. Anayesubiri namba ya kitabuni anakuwa ameshaichelewa kahawa yake. Kwa hiyo sikio kwanza, pua pili, skrini tatu.

Ikiwa mpya, iwashe tupu kwa moto wa juu dakika 30, dirisha likiwa wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Kisha kaanga mikupuo miwili ya kahawa usiyoijali, uitupe. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na soketi hiyo isiwe na birika wala pasi. Ekstensheni ya waya mwembamba hupata moto, na pia hupunguza nguvu: volti zikishuka kwa asilimia 10, joto la koili linashuka kwa asilimia 19 hivi. Ndiyo maana kahawa ileile, kwa uzito uleule, inaweza kuchelewa dakika mbili jioni umeme unapokuwa mdogo.

Mimi napasha pipa likizunguka hadi nyuzi 190, kisha namwaga kahawa mbichi ndani. Skrini inaporomoka mpaka 95 hivi ndani ya dakika moja na nusu. Usishtuke ukaongeza moto. Kihisi kimezungukwa ghafla na punje baridi, basi. Ukimwaga pipa likiwa na moto kupita kiasi, utaona madoa meusi kwenye upande bapa wa punje, na uchungu wake haufichiki kwenye kikombe.

Dakika ya tano kijani kinageuka manjano, na harufu ya majani mabichi inakuwa harufu ya mkate. Hapo makapi yanaanza kuruka. Kuanzia dakika ya nane nasogeza sikio. Mpasuko wa kwanza unalia kama bisi, kwanza moja moja, kisha kwa mfululizo. Kosa kubwa la wanaoanza ni kusubiri mlio ndipo wapunguze moto. Chuma cha pipa kimeshahifadhi joto, hakitii papo hapo, na kahawa inakimbia kuelekea weusi. Nashusha moto hadi asilimia 70 kama dakika moja kabla, mara harufu inapoacha utamu wa mkate na kuanza ukali kidogo. Ila usiuzime kabisa, maana mpasuko utakatika katikati na punje zitabaki mbichi ndani.

Tangu mlio wa kwanza, dakika moja na nusu hadi mbili inatoa kahawa ya wastani. Chini ya dakika moja, unakunywa uchachu wenye ladha ya nyasi. Mpasuko wa pili ni mwembamba na wa haraka, kama chumvi iliyotupwa motoni. Baada yake moshi unakuwa mzito na mafuta yanatokeza juu ya punje. Mashine hii sishauri kuivusha hapo.

Udhaifu wake mkubwa ni kupoza. Kitufe cha kupoza kinazungusha hewa ndani ya pipa ambalo bado ni la moto, na inachukua dakika nane au zaidi, muda wote huo kahawa ikiendelea kuiva. Namwaga kwenye chekecheo la chuma juu ya feni na kukoroga kwa mwiko wa mbao. Ndani ya dakika tatu punje zinashikika mkononi. Hapo pia ndipo pa kuokota zile zilizobaki rangi ya karanga wakati wenzake wamekuwa kahawia. Nyingi zilichumwa hazijaiva, na chache tu zinaharibu kikombe.

Pima tena kwenye mizani. Gramu 300 zikirudi 258, umepoteza asilimia 14, na hiyo ni wastani mzuri. Zikirudi 246 umeenda mbali. Andika uzito, muda wa manjano, muda wa mlio wa kwanza na muda wa kutoa, na usibadilishe aina ya kahawa mpaka mikupuo kumi ipite, la sivyo hutajua kilichobadilika ni mashine au buni. Usiinywe siku hiyohiyo. Ya kuchuja iache siku tatu au nne, ya espresso wiki moja, na chombo kisizibwe kabisa siku ya kwanza kwa sababu gesi ya kaboni dioksidi bado inatoka kwenye punje.

Makapi yatoe kila mkupuo, mashine ikishapoa. Ndiyo yanayowasha moto. Ukiona mwali ndani, zima koili, chomoa waya, na usifungue mlango, maana hewa mpya itauchochea. Kahawa iliyokaushwa na tunda lake ina makapi mengi zaidi, kwa hiyo usiondoke kabisa karibu nayo. Na kila baada ya mikupuo kumi futa kihisi kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Utando wa mafuta ukikifunika, kinazidi kuchelewa, na zile namba ulizoandika mwanzoni hazilingani tena na kahawa unayoisikia.