Nimelipia kufyatua gumegume huko Virginia: nyota 4

Gumegume ni bunduki ya kale inayowasha baruti kwa cheche za jiwe. Wanayokukodisha ni nakala mpya ya Brown Bess, ile ambayo jeshi la Uingereza liliianza miaka ya 1720 na kuitumia kwa zaidi ya karne moja. Ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Ukiikaza begani muda kidogo, mkono wa kushoto unaanza kutetemeka.

Utamu wote uko kwenye kushindilia. Unararua karatasi ya risasi, iliyofungwa baruti na risasi pamoja (askari waliirarua kwa meno, baruti ikawakausha koo), unatia baruti kidogo kwenye kisahani cha kando ya mtutu na kukifunika, iliyobaki unaimimina mtutuni, kisha risasi na karatasi yake, halafu mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Askari aliyefundwa vizuri alifyatua mara 3 kwa dakika. Mimi dakika nzima iliniishia mdeki ukiwa bado mtutuni.

Ukivuta triga, jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaangukia kisahani, moto unapenya kitundu cha pembeni ndipo mlio unatoka. Yote hayo yanatokea karibu na jicho lako, kwa hiyo unafumba. Mara nyingine kisahani kinawaka peke yake na risasi haiendi popote.

Shabaha ya mita 50 nilipata kuigusa. Ya mita 100 sahau. Mtutu ni laini ndani, tena risasi ni ndogo kuliko tundu ili ipite hata masizi yakijaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walisimama bega kwa bega. Huko Quebec, Kanada, tarehe 13 Septemba 1759, Waingereza walisubiri Wafaransa wafike karibu mita 40 tu, wakafyatua kwa pamoja. Mtu mmoja na gumegume lake hakuwa tishio kubwa. Safu ndiyo iliyoua, kisha singe, visu vya kwenye ncha ya mtutu, zikamalizia.

Mkufunzi anaijua kazi yake, ingawa alishangaa nilipomwambia kwamba Ulaya ilipohamia bunduki za fataki (zinazowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa, badala ya jiwe), mitumba hii iliuzwa mpaka Zanzibar na kuingia bara na misafara.

Nyota moja nimeikata kwa sababu risasi ni chache mno kwa bei ile, na vizibo vya masikio ni vya hovyo. Nenda na vyako. Mvua ikinyesha wanaahirisha, maana baruti ikilowa hakuna bunduki. Na usivae shati jeupe.