Shaba njano au alumini kwa vipuri vya injini ndogo?

Ubishi huu hauishi hapa Mtwara kila tukikutana kwenye mashine ya kukereza: injini ya mvuke ya gari la mfano, uichonge kwa shaba njano au alumini?

Kwa bei, alumini haina mpinzani. Pistoni chakavu ya bodaboda unaiokota gereji, inayeyuka hata kabla ya kufika nyuzi 660 za Selsiasi, tanuri la mkaa linatosha. Kero inaanza kwenye mashine: inanata kwenye ncha ya kisu, na usipodondoshea mafuta ya taa, uso unatoka na mikwaruzo. Shaba haina makuu. Inakatwa kavu, chembe zinaruka kama mchanga (vaa miwani, zinachoma), na ukilenga kipimo cha milimita 8 unakipata kilekile.

Uzito, shaba ni kama mara tatu. Gurudumu la kutunza mwendo linautaka, pistoni haiutaki.

Chumvi ya bahari haibagui: alumini inaota unga mweupe, shaba ukijani. Zote zipake oili.

Anayejifunza ningempa shaba. Mwenye tanuri na subira, alumini. Yangu nimechanganya zote mbili, na bado inavuja mvuke.