Uzoefu wangu: kliniki ya kusafisha damu kisiwani Mombasa

Figo zangu zimeshindwa kazi, kwa hiyo nasafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi, mara mbili kwa wiki kwenye kliniki moja ya binafsi hapa kisiwani. Jina silitaji, maana haya yanaweza kukukuta kokote. Kwa jumla nimeridhika. Pako safi, mwenye homa ya ini aina ya B ana mashine yake kando, na masista wana mkono mwepesi wa sindano. Lakini pale anayeuliza huangaliwa vizuri zaidi, na anayenyamaza huenda na lililoandikwa kwenye faili.

Chukua uzito mkavu, yaani uzito unaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Nilianza dayalisisi nimekonda, hata chakula sikitaki. Baadaye hamu ikarudi, nikajaza mwili. Faili halikuwa na habari. Nikipanda mizani, ile nyama mpya ilihesabiwa kuwa maji, na mashine ikawekwa iyatoe. Ikifika saa ya tatu miguu inakaza kama kamba ya jahazi, presha inashuka, natoka nimeshikwa mkono hadi kwenye tuktuk. Jibu lao likawa moja: "Punguza kunywa maji, baba." Na maji yenyewe nayapima kwa kikombe, joto hili la Mombasa lote!

Siku moja nikamzuia sista kabla hajabonyeza. "Samahani, sista. Leo unanitoa kiasi gani?"

"Lita tatu na nusu, baba."

Nikafungua daftari langu. Kiwango kinachotumika sana ni kutozidisha mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mimi ni mtu wa kilo 60 na nakaa saa 4, kwa hiyo hesabu inagota lita 3 na kidogo. Nikamuuliza, "Na huu uzito wangu mkavu uliandikwa lini?" Akapekua faili, akalirudia, kisha akaenda kumwita daktari. Daktari akanibonyeza vifundo vya miguu, akasikiliza mapafu, akaupandisha uzito ule kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Miguu ikaacha kukaza. Sista hakununa, na sifa hiyo nampa, kwani kuna mahali ukiuliza swali unaitwa mkaidi.

Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine, sina mjadala nao: haupimwi presha wala hautolewi damu. Kijana wa maabara aliwahi kuushika, nikauvuta nikampa wa pili. Kila asubuhi naweka kiganja nisikie ule mtetemo wa damu ikipita. Ukipotea, naenda siku hiyo hiyo, singoji zamu.

Karatasi yao ya chakula inakataza ndizi na parachichi, sawa. Lakini Mombasa unampaje mgonjwa wa figo karatasi isiyotaja madafu? Yamejaa potasiamu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Mtaalamu wa lishe ana majibu mazuri, ila lazima umfuate mwenyewe ofisini. Ndiye aliyenieleza kuwa muhogo ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, na tui liwe la kuonjesha tu. Hata hivyo ule kidogo, akasema.

Mapokezi ndipo panaponikera. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, mtambo wa bima ukikwama wanataka ulipe taslimu kwanza. Mimi huwaomba waniandikie sababu kwenye karatasi na wagonge muhuri. Ajabu ni kwamba mara nyingi mtambo hupata nguvu papo hapo.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Kama unatoka Likoni, omba zamu ya alfajiri: utavuka kabla feri haijafurika watu wa kazini, na daktari wa figo utamkuta bado hajaanza mizunguko yake, ana nafasi ya kukusikiliza.