Uzoefu wangu: miaka 3 ya shahada ya Historia, kutoka Rhapta hadi Maji Maji

Kozi niliyosoma inapitia zama za kale, za kati na za sasa, na hakuna anayeruhusiwa kuruka hata moja. Naipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti moja: shika mahali pamoja upafuate katika zama zote. Kwa pwani yetu, shika Kilwa. Ukidonoadonoa, leo Roma, kesho Mali, keshokutwa Berlin, utamaliza ukiwa na majina tele kichwani na usiweze kuhoji chanzo hata kimoja.

Zama za kale hazina vyanzo vingi kwa upande wa pwani. Kuna Periplus, mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaosema mji wa Rhapta ulipewa jina kutokana na mashua za kushonwa. Anayeujua mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba, hapati tabu kuelewa. Kosa la kawaida ni kuuweka mji huo kwenye ramani kana kwamba umeshapatikana. Mahali pake bado panabishaniwa.

Utamu uko zama za kati, na ndiko wengi wanakoangukia. Tarehe kwanza. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 731 Hijria. Mwanafunzi anajumlisha 622, anapata 1353, insha nzima inapinda. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355 tu, kwa hiyo zidisha 731 kwa 0.97 kwanza, ndipo ujumlishe 622: unapata 1331. Ukihitaji mwezi na siku tumia jedwali, maana njia hii huweza kupishana kwa mwaka mmoja. Kumbuka pia kwamba kitabu cha safari zake kilikamilika 1355, miaka 24 baadaye, kwa masimulizi.

Halafu habari za masultani wa Kilwa. Zipo kwa Kiarabu, katika nakala iliyoandikwa 1877, na kwa Kireno, ndani ya kazi ya mwanahistoria João de Barros iliyochapwa 1552. Orodha hazilingani. Usichague moja ukaitupa nyingine. Chukua karatasi, chora safu tatu: Kiarabu, Kireno, na sarafu za shaba za Kilwa, zenye majina ya masultani lakini hazina mwaka. Jina linalokaa safu zote tatu lina uzito. Angalia jina la baba pia, kwa sababu akina Hasan na Sulaiman wanajirudia.

Zama za sasa zina majalada ya Kijerumani, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kujua Kijerumani hakutoshi: mwandiko wa zamani, Kurrent, unafananisha e na n, hivyo jipe mazoezi kabla hujaomba jalada. Na fedha: rupia ya koloni la Kijerumani iligawanywa katika sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa hadi 1904, kisha ikawa heller 100. Asiyejua hilo akilinganisha mishahara ya kabla na baada ya Maji Maji (1905–1907), hesabu yote ni batili.

Kasoro ya kozi yetu ni lugha. Kiarabu na Kijerumani ni vya hiari na vinakuja mwaka wa 3, wakati mada ya tasnifu imeshapitishwa. Hili liliniuma sana. Kabla hujalipa ada, waulize idara lugha za vyanzo zinaanza muhula gani. Wakijibu mwaka wa mwisho, tafuta mwalimu wako tangu wiki ya kwanza.